Mtera: maji yakipungua, ndege hawaondoki wote

Je, maji yakipungua katika bwawa la Mtera, katikati ya Tanzania, ndege wote huondoka? Hapana, kupungua huko hakuwafukuzi ndege wote, bali hubadilisha aina zinazoonekana. Kwa kuwa bwawa hilo ni la kina kifupi, maji yakishuka kidogo tu tope pana hujitokeza, na hapo korongo na yangeyange, kama nilivyowashuhudia mwenyewe, hujipanga kwenye vidimbwi wakidonoa samaki walionaswa. Wanaopata hasara ni wazamiaji kama mnandi, pamoja na ndege wanaotaga kwenye miti mikavu iliyosimama majini, kwani ardhi ikikauka wanyama wa nchi kavu wanaokula mayai huvifikia viota kwa miguu. Hata hivyo, karamu hiyo ya topeni huisha tope likianza kupasuka.