Wengi wanaoacha chanjo njiani hawajagoma

Mleta mada anasema wazazi wanaoshindwa kumalizia watoto chanjo wapigwe faini. Mimi ni muuguzi, nimekaa chumba cha chanjo kwenye zahanati ya kijijini huku Tanzania miaka mingi, na naona faini itamwangukia asiye na kosa.

Tazama ratiba. BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hapo mama bado anahudhuria. Surua-rubella inakuja miezi 9, na ya pili miezi 18, wakati mtoto anakimbia, anakula ugali, na mama karudi shambani au ana mimba nyingine.

Sasa huyo mama akijikakamua akaja, mara nyingi sisi ndio tunamrudisha. Chupa ya surua-rubella ina dozi 10, na ikishachanganywa, kinachobaki baada ya saa 6 kinatupwa. Muuguzi akiona watoto wawili tu kwenye benchi anawaza atawaeleza nini wilayani kuhusu dozi 8 zilizopotea, basi anasema, "Njoo Alhamisi, mtakuwa wengi." Mama ameshalipa bodaboda. Alhamisi humuoni. Na Shirika la Afya Duniani limeshaelekeza chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja!

Kwetu mambo yalibadilika tulipoacha kuhesabu vichwa kwenye benchi. Pia kila mwisho wa mwezi tunachambua rejista, majina ya watoro anapewa mhudumu wa afya wa kitongoji, anawafuata nyumbani. Aliyepoteza kadi hafokewi. Tunamtafuta humo humo kwenye rejista. (Tuseme ukweli, wapo wanaoogopa midomo yetu kuliko sindano.) Halafu mwambie mama mapema kwamba Penta, ile chanjo ya magonjwa matano, inaweza kuleta homa na paja kuvimba kidogo. Usipomwambia, baba akikeshwa na kilio usiku huo, dozi inayofuata anaikataza yeye.

Watu wazima ni habari nyingine. Mwaka 2021 Rais Samia alichanjwa UVIKO-19 hadharani, lakini foleni kwetu ilionekana tulipobeba chanjo hadi gulioni. Mwanaume mzima hana siku ya kliniki, atakuja kufanya nini zahanati akiwa haumwi?

Mleta mada, kabla ya faini, nenda na mtoto wa miezi 9 zahanati ya kwenu siku isiyo ya kliniki, uone utajibiwa nini.