Ampilifaya ya valvu inayochafuka ikishapata moto

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya hapa Ng'ambo, Tabora. Nimejiundia ampilifaya ndogo kwa kufuata mchoro wa Fender Champ 5F1: valvu (zile taa za kioo) ya 12AX7 moja ya kukuza sauti mwanzoni, 6V6 moja ya kusukuma spika na 5Y3 ya kugeuza umeme kuwa DC, yaani wa mwelekeo mmoja. Transfoma nilinunua, ila kapasita na rezista nyingi nimezichomoa kwenye redio kuukuu ya marehemu babu. Ukiiwasha inalia safi kabisa. Ikifika robo saa hivi sauti inakuwa nzito na kukwaruza, na volyumu haijafika hata nusu. Nimebadilisha spika, nimebadilisha 12AX7, hali ni ileile. Taa za chumbani zikizimwa naona ile 6V6 ina wekundu ubavuni. Niitupe?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usitupe kitu. Spika iliyochanika hukwaruza tangu unapowasha, haingoji robo saa, kwa hiyo hiyo tuiache. Twende kwenye wekundu. Mwanga wa rangi ya chungwa unaotoka katikati ya valvu ni wa kawaida, ule ni uzi wa kupashia moto. Bati la nje, yaani anodi, ndilo halitakiwi kuiva. Likiiva, ujue 6V6 inapitisha mkondo kupita kiasi, na hapohapo sauti inachafuka.

Namshuku kapasita ya maikrofaradi 0.02 iliyo kati ya 12AX7 na 6V6, hasa kama ni ile ya karatasi na nta ya redio ya babu. Kazi yake ni ya bawabu: mawimbi ya gitaa yapite, volti za DC za anodi zibaki nje. Ikizeeka inavuja, na ikipata joto inavuja zaidi. Chukulia anodi ya 12AX7 ina volti 170 na kapasita imebaki na ukinzani wa megaomu 10. Ikigawana na rezista ya kiloomu 220 inayoshuka kutoka kwenye gridi (lango linaloongoza mkondo wa valvu) hadi kwenye chasisi, gridi ya 6V6 inapata karibu volti 3.7 ambazo hazikualikwa. Usiniambie umeipima kwa mita na ikaonekana nzima. Mita inaipima kwa volti chache za betri; uvujaji huu unaonekana kapasita ikibeba volti zake za kazi.

Kabla hujagusa chochote, nisikilize. Ndani humo mna volti 300 na ushei, na kapasita za kuchujia hubaki nazo hata ukishachomoa waya ukutani. Chomoa, kisha zimalize chaji kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 iliyofungwa waya wenye ganda, halafu hakikisha kwa mita kwamba hakuna kitu. Ukipima ikiwa inawaka, waya mweusi wa mita ubane kwenye chasisi kwa klipu, mkono mmoja ukae mfukoni, na usivae pete wala saa ya chuma.

Sasa iwashe, iache ipate moto mpaka ianze tabia yake, upime DC kwenye mguu wa 5 wa soketi ya 6V6, ndio gridi yake. Inatakiwa sifuri. Ukikuta volti 2, 3 au zaidi, zima, maliza chaji, legeza mguu mmoja wa kapasita hiyo, ule wa upande wa 6V6. Rezista ya 220 usiiguse. Washa tena, subiri ipate moto, pima. Volti zikitoweka, kapasita ndiyo mwizi. Zikibaki, valvu yenyewe ina hitilafu ndani, tafuta 6V6 nyingine.

Kapasita mbadala usihangaike kuagiza mbali. Ubao wa TV ya chogo iliyokufa huwa nazo za plastiki. Tafuta iliyoandikwa 223 na 630V, au angalau 400V. Hiyo 223 ni maikrofaradi 0.022, inakufaa.

Ukishaifunga, pima DC kwenye mguu wa 8 wa 6V6, penye rezista ya omu 470. Ukipata kama volti 19, mkondo ni milliampia 40, na kwa volti 300 hiyo ni wati 12 hivi, kikomo cha 6V6. Ukiona 25, bado unaichoma.

Jambo moja la pembeni. Champ inatoa wati 5 tu, na ukiikaza kupita nusu itakwaruza hata ikiwa nzima. Wapiga blues wanaipendea hilohilo. Mji uliotoa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz haukuzoea gitaa la namna hiyo, na kwaya yako nayo itataka noti safi. Kwa kanisa lililojaa watu, weka maikrofoni mbele ya spika na uache volyumu chini.

Swali: Mimi niko Ujiji, Kigoma. Naweza kuijaribu ampilifaya ya valvu kabla sijapata spika?

Jibu: Hapana. Transfoma ya spika ikikosa mzigo, ukapiga noti, volti zinapanda ndani yake hadi zinatoboa ganda la waya, na hiyo ndiyo sehemu ya bei. Funga rezista ya wati 10 yenye omu sawa na za spika inayotakiwa. Itapata moto, usiiegemeze kwenye mbao.