Nukta zimesogea, mbona majina ya mashua yanayumba?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Langoni, Lamu:

"Assalaam alaykum kaka. Nahariri video ya mashindano ya mashua ya Maulidi kwa programu ya Blender, fremu 25 kwa sekunde. Kila mashua ina jina lake linaloifuata majini, na maandishi yote yametandazwa urefu wa video nzima. Mpiga picha ameniletea faili jipya, sekunde 2 zimekatwa katikati, kuanzia fremu 300 mpaka 349. Nukta za mwendo (keyframe), zile zinazoshika jina liwe wapi kwenye fremu fulani, ni nyingi, siwezi kuzivuta moja moja, kwa hiyo niliandika skripti ya Python inayopunguza 50 kwenye co.x, yaani namba ya fremu, ya kila nukta iliyo baada ya hapo. Nukta zimefika mahali pake, lakini majina mawili yanapita mashua kisha yanarudi. Mengine yako sawa. Nimekosea wapi?"

Wa alaykum salaam dada yangu. Hesabu yako ni sahihi, ila umehamisha nukta ukaiacha mikono yake.

Kila nukta ya mwendo ndani ya Blender ina vitu vitatu: nukta yenyewe, mkono wa kushoto na mkono wa kulia. Mikono hiyo ndiyo inayoamua jina litaondoka polepole au kwa kasi. Chukua nukta iliyokuwa fremu 400, mkono wake wa kushoto ukiwa 395. Skripti yako imeipeleka nukta 350, na mkono umebaki pale pale 395. Ulikuwa fremu 5 nyuma ya nukta, sasa uko 45 mbele yake. Mstari wa mwendo hauna budi kupinda ovyo, na jina nalo linaufuata.

Na kwa nini ni majina mawili tu? Hapa ndipo swali lako liliponipendeza. Mikono ya aina ya AUTO na AUTO_CLAMPED hupangwa upya na Blender yenyewe mstari ukisasishwa, hata kama hukuigusa. Ya FREE na ALIGNED hubaki ulipoiacha. Sina shaka majina hayo mawili ndiyo uliyoyavuta kwa mkono ili yaende sambamba na mashua zinapogeuka. Fungua dirisha la grafu, bonyeza nukta moja ya hayo majina, utaiona mikono imeachwa mbali.

Rudi kwenye nakala ya kabla ya skripti, kisha tumia hii:

```
import bpy
kitendo = bpy.context.scene.animation_data.action
mwanzo = 350
hatua = -50
for mstari in kitendo.fcurves:
    if "sequence_editor" not in mstari.data_path:
        continue
    for nukta in mstari.keyframe_points:
        if nukta.co.x >= mwanzo:
            nukta.co.x += hatua
            nukta.handle_left.x += hatua
            nukta.handle_right.x += hatua
    mstari.update()
```

Nimeiandika kwa matoleo ya 4. Ule mstari wa sequence_editor unazuia skripti isiguse mwendo mwingine uliohifadhiwa kwenye onyesho hilo hilo.

Lakini usiiendeshe bado. Picha yako sasa inaruka pale ilipokatwa: mashua iko hapa, fremu inayofuata iko kule. Jina lisipowekewa mpaka litateleza taratibu kutoka hapa hadi kule, na mtazamaji ataliona linaelea juu ya maji matupu. Kwa hiyo, kwa kila jina, weka nukta mpya fremu 299 na nyingine fremu 350. Zilizo kati ya 300 na 349 zifute zote, la sivyo zile zinazorudi nyuma zitazikalia juu. Ukizifuta kwa skripti, anza na ya mwisho urudi nyuma, maana ukifuta ya mbele hesabu ya zilizobaki inabadilika. Halafu endesha skripti. Nukta ya 350 itatua 300. Mwisho, ile ya 299 ibadilishe iwe CONSTANT, yaani jina litulie mpaka nukta inayofuata, ili liruke pamoja na picha.

Iendeshe mara moja tu. Mimi hapa Malindi niliwahi kuibonyeza mara mbili kwenye video ya harusi, nukta zikarudi nyuma mara mbili, na sikugundua mpaka nilipofika kwenye kuingia kwa bwana harusi. Tangu siku hiyo nahifadhi faili kwa jina jipya kabla ya kila skripti.

Siku mteja akitaka fremu 50 kwa sekunde badala ya 25, kujumlisha hakutasaidia, itabidi uzidishe. Onyesho la Blender kwa kawaida huanzia fremu 1, kwa hiyo toa 1, zidisha kwa 2, kisha rudisha 1. Fanya hivyo kwa x ya nukta na ya mikono yote miwili. Ya y usiiguse, hiyo ni mahali jina lilipo kwenye picha.