Turbo inavuta, inasukuma au inashindilia?

SWALI: Ninasomea ufundi wa magari hapa Morogoro. Kwenye jaribio niliandika "turbo inavuta hewa", kama fundi ninayejifunza kwake anavyosema. Mwalimu akakata kwa wino mwekundu, akaandika "inasukuma". Kitabu nacho kinasema "inagandamiza". Nishike lipi? Na je, ni sahihi kusema injini inapumua?

JIBU: Ndugu yangu, fundi wako hakukosea, na mwalimu naye hakukosea. Kila mmoja amesimama upande wake wa turbo, kifaa kinachoiongezea injini hewa.

Tuanze na injini isiyo na turbo. Pistoni inaposhuka huku valvu ya kuingiza ikiwa wazi, nafasi ndani ya silinda inaongezeka na hewa ya nje inaingia kuijaza. Mwanafizikia atakuambia hapo hakuna kinachovutwa, ni hewa ya nje inayojisukuma kwenda palipo na upungufu. Ni kweli. Lakini kifua chako kinafanya vivyo hivyo, na Mswahili tangu zamani anasema anavuta pumzi. Niliwahi kumwona fundi akiondoa chujio la hewa la pikapu kuukuu ya petroli, kisha akaweka kiganja juu ya mdomo wa kabureta injini ikiwa inaunguruma. Kiganja kikanasa, nyama ya mkono ikazama ndani, injini ikaanza kukohoa. "Unaona inavyovuta?" akaniuliza. Sioni kitenzi kingine ambacho kingemtosha.

Angalia tu kwamba gereji kitenzi hicho kina kazi ya pili. "Gari halivuti" maana yake halina nguvu, hasa kwenye mlima. Kwa hiyo fundi anaweza kusema, "Gari halivuti kwa sababu injini haivuti hewa," na mteja akamwelewa, maana "kuvuta" kwa pili kuna yambwa nyuma yake, yaani kitu kinachovutwa. Katika maandishi usiidondoshe hiyo yambwa.

Sasa turbo. Injini ya kawaida hupata hewa kwa kadiri ya mahali ilipo. Lori likipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa unapungua kwa karibu asilimia 18. Hewa ikipungua, mafuta yanayoweza kuungua vizuri yanapungua, na nguvu nayo inapungua. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliombea hataza mwaka 1905 kwa wazo la kuutumia moshi wa injini, uliokuwa ukipotea bure, uzungushe gurudumu lenye mapanga. Gurudumu hilo limeungwa kwa shafti na jingine linalopeleka hewa kwenye injini.

Itazame mipira inayopitisha hewa ya turbo, maana jibu lako limo humo. Ule unaotoka kwenye chujio, chujio likiziba kwa vumbi, hunywea hadi kuta zake zikaribiane. Upande huo turbo inavuta, na fundi wako yuko sahihi kabisa. Ule unaokwenda intakula, yaani kipoza hewa, dereva akikanyaga mafuta, huvimba na kukakamaa. Hapo hakuna kuvuta tena.

Je, hapo tuseme inasukuma? Inatosha, lakini haisemi yote. Feni ya mezani nayo inasukuma hewa, wala haiongezi hewa iliyomo chumbani. Mtu anayefunga gunia la mkaa hausukumi tu mkaa ndani, anaushindilia ili gunia lile lile lichukue zaidi. Baruti ya gobore nayo ilikuwa ikishindiliwa. Hiyo ndiyo kazi ya turbo: silinda ni ile ile, hewa iliyomo ni nyingi zaidi. Mimi ningeandika "inashindilia" bila kusita. Superchaja pia hushindilia, ila yenyewe huzungushwa na injini, mara nyingi kwa mkanda, badala ya moshi.

"Inagandamiza" ya kitabu si kosa. Turbo inagandamiza hewa kweli, ndiyo maana hewa hiyo hupata joto na kupitishwa intakula ipoe, ili iingie nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba neno hili unalihitaji kwa pigo la pili la pistoni, inapopanda valvu zote zikiwa zimefungwa. Ukilitumia pote pawili katika aya moja, msomaji hajui uko ndani ya silinda au nje yake. Liache ndani. Sentensi yako ya jaribio ingekuwa hivi: "Turbo huvuta hewa kupitia chujio na kuishindilia kwenye silinda, kisha pistoni huigandamiza." Ukitaka nomino, sema "ushindiliaji wa hewa".

Kuhusu kupumua, kimantiki neno linakaa vizuri, kwa kuwa injini huvuta hewa na kutoa moshi. Lakini mafundi wameshalipa kazi nyingine. Kwao "injini inapumua" ni ugonjwa: ringi za pistoni zimekwisha, gesi ya mwako inapenya chini, na ukifungua kifuniko cha oili unaona moshi ukitoka kwa vishindo. Mwambie mnunuzi wa gari la mtumba kwamba injini yake inapumua vizuri, naye atarudisha pesa mfukoni.