Maswali ya Wasomaji: Wati 5 za Valvu Zinatosha Wapi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu amplifaya ndogo za gitaa zinazotumia valvu, yaani zile za wati 4 hadi 15, ambazo hukuza sauti kwa vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa badala ya transista. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine.

Shikamoo Fundi. Ninapiga gitaa la solo katika bendi ya vijana hapa Tabata. Nimepata amplifaya ya valvu ya wati 5 kwa bei nafuu, lakini mwenzangu wa rithimu, ambaye ana ya transista ya wati 100, ananicheka na kusema kwamba drams zitanimeza. Je, ni kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Marahaba. Mwenzako amesema nusu ya ukweli. Sikio halihesabu wati mojamoja. Ukiongeza nguvu maradufu, kwa mfano kutoka wati 5 hadi 10, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho msikilizaji hukitambua bila kushtuka. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu lazima iongezwe takriban mara 10. Kwa hesabu hiyo, kati ya wati zako 5 na wati zake 100 pana tofauti ya desibeli 13, ambayo sikioni ni kama mara mbili na nusu, wala si mara 20 kama namba zilizoandikwa kwenye maboksi zinavyotufanya tuamini.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni spika. Kila spika ina uwezo wake wa kugeuza umeme kuwa sauti, nao hupimwa kwa kuilisha wati 1 na kusikiliza kutoka umbali wa mita 1. Spika ndogo ya inchi 8 inaweza kutoa desibeli 92 hivi, ilhali Celestion G12M ya inchi 12, ambayo wapiga gitaa wengi wanaijua kwa jina la Greenback, hutoa desibeli 98. Tofauti hiyo ya desibeli 6 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara 4. Kwa hiyo ukiichomeka amplifaya yako ya wati 5 kwenye boksi lenye spika ya namna hiyo, utakuwa umepata ukubwa wa sauti ambao kwa ile spika ya inchi 8 ungehitaji wati 20 kuufikia. Sauti nene za chini nazo zitajitokeza vizuri zaidi, kwa sababu boksi dogo huzibana. Hakikisha tu kwamba omu za spika, yaani kipimo cha ukinzani wake wa umeme, zinalingana na zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Hata hivyo, mpiga drams anayetumia vijiti huvuka desibeli 100 bila kujitahidi, na wewe ukiwa na wati 5 kwenye spika nzuri unafika desibeli 105 hivi kwa umbali wa mita 1, kisha sauti inashuka kadiri unavyosogea mbali. Kwenye chumba cha mazoezi, mbele ya mpiga drams mwenye adabu, utasikika. Ukumbini au uwanjani hutasikika, na hapo dawa yake si kununua amplifaya kubwa bali ni kuweka maikrofoni, kama vile Shure SM57, sentimita chache mbele ya spika na kuipeleka sauti kwenye miksa. Studioni udogo huo si kasoro hata kidogo: mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton alirekodi kwa amplifaya ya Fender Champ, ambayo ina wati 5 tu, huko Miami mwaka 1970, na hakuna anayesikiliza rekodi zile akafikiri kwamba gitaa ni dogo.

Hujambo Fundi. Mimi ninapiga benga. Nilinunua amplifaya ya wati 5 iliyoundwa kwa mfano wa Fender Champ, na kila nikiifikisha nusu ya sauti, gitaa linaanza kukwaruza. Nimeambiwa kwamba valvu imekufa. Je, nibadilishe? (Msomaji, Kisumu)

Sijambo. Kuna uwezekano mkubwa kwamba valvu yako ni nzima na inafanya kazi ile ile iliyoifanya amplifaya hiyo ipendwe. Champ ilibuniwa na kampuni ya Leo Fender huko Fullerton, California, kwa ajili ya wanafunzi wa gitaa, na mpangilio wake wa mwishoni mwa miaka ya 1950, unaoitwa 5F1, ni miongoni mwa mipangilio rahisi kuliko yote: valvu moja ya 12AX7 inayokuza sauti ya gitaa inapoingia, moja ya 6V6 inayosukuma spika, na moja ya 5Y3 inayogeuza umeme wa AC kuwa DC. Mawimbi yote ya sauti, upande wa juu na upande wa chini, hubebwa na ile 6V6 peke yake. Amplifaya kubwa zaidi, kama Vox AC15 yenye valvu 2 za EL84, hugawa kazi hiyo kwa valvu mbili zinazosukuma na kuvuta kwa zamu.

Mgawanyo huo una athari kubwa katika sauti. Valvu moja inapofikia kikomo chake hailikati wimbi sawasawa pande zote mbili. Upande mmoja hubonyea kabla ya mwingine, na hapo hutokea sauti ya ziada iliyo oktavu moja juu ya noti uliyoipiga. Sikio huipokea oktavu hiyo kama utamu na unene. Valvu zinapofanya kazi mbili mbili, oktavu hiyo inayozaliwa kwenye valvu za mwisho, yaani zile zinazosukuma spika, hufutwa kwa sehemu kubwa, na kwa hiyo amplifaya hubaki safi kwa muda mrefu zaidi, kisha inapokwaruza hukwaruza kwa namna nyingine, yenye makali. Wapo wanaosema kwamba utamu wa Champ unatokana na ile 5Y3 kulegea unapopiga uzi kwa nguvu. Sikubaliani nao sana, kwa sababu valvu moja inayofanya kazi namna hii huvuta mkondo ulio karibu sawa wakati wote, upige usipige. Kulegea huko kunasikika zaidi katika amplifaya za valvu mbili.

Jaribu jambo hili leo jioni. Ongeza sauti ya amplifaya hadi pale inapokwaruza, kisha usiiguse tena. Punguza sauti kwenye gitaa lenyewe kutoka 10 hadi 6, na udonoe uzi kwa ncha ya kidole: noti itatoka safi kama kengele. Piga tena kwa nguvu, na mkwaruzo utarudi. Amplifaya inaufuata mkono wako, na hicho ndicho wapiga bluzi na roki wanachokilipia.

Wewe, kwa bahati mbaya, hukihitaji. Gitaa la benga, kama lile la sebene la Kongo, linadonolewa kwa kasi huku kila noti ikitakiwa isimame peke yake mbele ya besi, na mkwaruzo huzigandisha noti pamoja. Kwa kazi yako ningependelea amplifaya ya valvu isiyopungua wati 20 yenye spika ya inchi 12, au hata ya transista iliyo nzuri, na sioni aibu yoyote kulisema hilo katika safu hii. Hiyo ya wati 5 usiiuze. Itumie nyumbani na studioni kwa sauti ya chini, au iwekee maikrofoni ukiwa jukwaani na uiache miksa ibebe mzigo wa ukubwa.

Fundi, nimepanga chumba Arusha na ninapiga gitaa usiku. Nilidhani wati 5 ni sauti ya chumbani, lakini jirani amekwisha kugonga ukuta. Nikipunguza, utamu wote unapotea. Nifanyeje? (Msomaji, Arusha)

Wati 5 si sauti ya chumbani, kama hesabu ya desibeli 105 tuliyoitoa hapo juu inavyoonyesha. Baadhi ya watengenezaji wameweka swichi ya kupunguza nguvu. Vox AC4TV, kwa mfano, hushuka kutoka wati 4 hadi 1, na hadi robo wati. Robo hiyo ni desibeli 12 chini ya wati 4, na bado inazidi mazungumzo ya kawaida ya watu sebuleni. Amplifaya isiyo na swichi hiyo inaweza kuongezewa kifaa kinachokaa kati yake na spika na kumeza sehemu ya nguvu kwa kuigeuza joto, mradi kiwe kimetengenezwa kwa kazi hiyo na omu zake zilingane.

Usitarajie utamu wote urudi. Watafiti wa sauti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu husikia sauti nene za chini kwa udhaifu zaidi pale ukubwa wa sauti unapopungua, kwa hiyo sehemu ya kile unachokiona kimepotea imepotea sikioni, si kwenye valvu. Ongeza besi kidogo, na muombe jirani radhi.

Asalaam aleikum Fundi. Kaka yangu yuko Marekani na anataka kuniletea amplifaya ya valvu iliyotumika. Itafanya kazi Mombasa? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Amplifaya ya Marekani hutengenezewa volti 120 na hezi 60, ilhali Kenya umeme ni volti 240 na hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja, ukiwa na bahati utaunguza fyuzi, na ukikosa bahati utaunguza transfoma. Mwambie kaka yako asome bamba la nyuma kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya amplifaya za kisasa zina swichi ya kuchagua volti. Kama haina, utahitaji transfoma ya kupunguza umeme. Chagua iliyo kubwa kuliko mahitaji, na uangalie joto la transfoma ya amplifaya yenyewe katika siku za kwanza, kwa kuwa ile iliyotengenezewa hezi 60 hupata moto zaidi inapolishwa hezi 50.

Sharti moja halina mjadala. Amplifaya nyingi za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na plagi ya pini 2 isiyo na ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini), na mwanamuziki aliyeshika nyuzi za gitaa huku midomo ikigusa maikrofoni alikuwa akijiweka katika hatari ya kupigwa na umeme. Waya wa pini 3 ufungwe na fundi anayejua, na transfoma ya kupunguza umeme nayo iwe inapitisha ethi.

Kwetu Bukoba umeme hukatika. Je, amplifaya ya valvu ya wati 5 inaweza kutumia sola? (Msomaji, Bukoba)

Inaweza, lakini usidhani itakula wati 5. Valvu hupashwa moto wakati wote na ile ya mwisho huvuta mkondo hata ukiwa kimya, kwa hiyo amplifaya ya namna hiyo hula wati 40 hadi 50 hivi. Betri ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi), ukiitumia nusu tu ili isife mapema, itakupa takriban saa 10. Nunua inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa ukutani, inayotoa mawimbi laini. Zile za bei rahisi zenye mawimbi ya mraba huleta mvumo ambao hakuna kitufe cha kuuondoa.

Fundi, valvu zinapatikana bado? Na je, fundi redio wa mtaani anaweza kuifungua amplifaya yangu? (Msomaji, Morogoro)

Valvu za gitaa bado zinatengenezwa, hasa Slovakia, Urusi na China, na aina zinazotumika katika amplifaya ndogo, yaani 12AX7, EL84 na 6V6, ndizo rahisi kuzipata kwa kuagiza. Sauti ikianza kupiga mlio kama wa kengele, chukua penseli na uigonge 12AX7 taratibu, amplifaya ikiwa imewashwa: ikiwa kugonga huko kunasikika kwa nguvu kwenye spika, hiyo ndiyo ya kubadilisha. Ile ya mwisho katika amplifaya za mfano wa Champ hubadilishwa bila kurekebisha chochote, tofauti na amplifaya nyingi kubwa ambazo fundi hulazimika kuzipima upya.

Kuhusu fundi wa mtaani, muulize kwanza kama amewahi kushika redio au amplifaya za valvu. Ndani yake mna volti zaidi ya 300, na kapasita, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme, huweza kuendelea kuzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa. Anayejua kazi ataziondoa kwa resista kisha atahakikisha kwa mita kabla ya kuweka kidole. Mwambie pia asiiwashe na kuipiga bila kuunganisha spika ili tu aone kama inafanya kazi, kwa sababu amplifaya ya transista kwa kawaida huvumilia hilo, ila ya valvu inaweza kuunguza transfoma ya spika, ambayo ni miongoni mwa vipuri vya bei kubwa kuliko vyote ndani ya boksi hilo.