Nina miaka 49: nikichukua mkopo wa masomo Uingereza, deni litanifuata mpaka kaburini?

SWALI: Assalaam alaykum, mshauri. Naishi Leicester, huu mwaka wa kumi na mbili, na nina kibali cha makazi ya kudumu. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee. Shahada ya ualimu niliipata Dar es Salaam kabla ya kuja huku. Nina miaka 49 na nataka kusomea uuguzi, nikianza na kozi ya Access, ile ya kumwandaa mtu mzima kuingia chuo kikuu. Wenzangu kazini wananitisha: wanasema masharti ya mkopo yamebadilika, deni sasa ni la miaka 40, nitakufa nalo niwaachie wanangu, na hata pensheni itakatwa. Pia kuna jambo la riba linalonisumbua. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Wenzako wamesikia habari ya kweli, ila wameichukua kwa hesabu ya vijana.

Ni kweli, waliofadhiliwa na Student Finance England, ofisi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na kuanza masomo tangu tarehe 1 Agosti 2023 wako katika mpango uitwao Plan 5. Unakatwa asilimia 9 ya mshahara unaozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na kinachobaki kinafutwa baada ya miaka 40. Mpango uliotangulia, Plan 2, ulifuta deni baada ya miaka 30. Mabadiliko hayo yanamuumiza sana kijana aliyehitimu akiwa na miaka 21, maana atakatwa mpaka uzeeni. Wewe ukihitimu na miaka 54, ile miaka 40 ingeishia ukiwa na 94, na kazi utakuwa umeiacha zamani. Kwa mtu wa umri wako, linaloamua utalipa kiasi gani ni mshahara wako na miaka ya kazi iliyobaki. Ukubwa wa deni lenyewe unakuja nyuma kabisa.

Tufanye hesabu. Tuseme umeajiriwa uuguzi kwa pauni 31,000. Kinachozidi mstari wa 25,000 ni 6,000, na asilimia 9 yake ni 540 kwa mwaka, yaani 45 kwa mwezi. Mshahara ukifika 37,000 unakatwa 90 kwa mwezi. Ukifanya kazi miaka 13 mpaka 67, utalipa kati ya pauni 7,000 na 14,000 hivi, wakati ada peke yake ya miaka mitatu inapita 28,000. Kwa hiyo huenda usilimalize deni lako, na sheria yenyewe imelitarajia hilo. Ndiyo maana huwa nawasihi watu wazima wasichukue akiba yao, au fedha za kiinua mgongo, wakakimbilia kulipunguza. Nimeona watu wakilipa mapema deni ambalo lingekuja kufutwa, na roho huniuma kila mara.

Wanao hawarithi kitu. Mkopaji akifariki, deni linafutwa. Vilevile likithibitika kwamba ulemavu umekuzuia kufanya kazi kabisa.

Kuhusu pensheni, pensheni kamili ya serikali ni takriban nusu ya pauni 25,000, kwa hiyo ukiitegemea hiyo peke yake hutakatwa chochote. Mwenye pensheni nono ya kazini, na anayejaza taarifa ya kodi mwenyewe kila mwaka, ndiye anayepaswa kuangalia zaidi.

Kuna jambo moja ambalo wenye zamu za ziada hawalijui. Makato hufuata kila malipo, bila kusubiri mwaka uishe. Mwezi ambao umepata zaidi ya pauni 2,083 unakatwa, hata kama jumla ya mwaka haitafika 25,000. Ikitokea hivyo, mwaka wa kodi ukishafungwa Aprili, dai fedha zako kwa Student Loans Company, shirika linalosimamia mikopo hii. Hutunza hati za mshahara? Anza sasa.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo umri wako una uzito. Kwa kozi zinazoanza Januari 2027 na kuendelea, unaingia mfumo mpya uitwao Lifelong Learning Entitlement. Unampa mtu fungu la ada sawa na miaka minne ya masomo, atumie kwa shahada nzima au kwa kozi fupi fupi, mpaka umri wa miaka 60. Aliyewahi kutumia mkopo wa serikali hapa anapunguziwa fungu hilo. Wewe ulisoma Dar es Salaam bila mkopo wa Uingereza, kwa hiyo fungu lako ni zima. Shahada yako pia haitakufungia mlango: ule utaratibu wa kumnyima mkopo mwenye shahada nyingine unaondoka, na hata kabla ya hapo uuguzi ulikuwa umeachwa nje yake.

Kabla ya Access, peleka cheti chako UK ENIC, ofisi inayolinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza, kisha waulize vyuo kama watakuchukua moja kwa moja. Huenda ukaokoa mwaka mzima. Wakisisitiza Access, chukua Advanced Learner Loan, mkopo wa serikali wa kulipia kozi kama hiyo: ukimaliza shahada yako ya uuguzi, salio la mkopo ule wa Access linafutwa. Na ukishaingia uuguzi, omba NHS Learning Support Fund, msaada kwa wanaosomea kazi za afya, pauni 5,000 kwa mwaka, ambazo hazirudishwi. Inasikitisha wanafunzi kuhangaika na nauli wakati fungu hili lipo.

La riba nalisema kwa heshima. Katika Plan 5 riba hufuata kipimo cha mfumuko wa bei kiitwacho RPI, bila nyongeza juu yake. Lakini kwenye karatasi ni riba. Sheria ya mwaka 2017 iliipa serikali uwezo wa kuanzisha mkopo usio na riba kwa Waislamu, na mpaka leo haujaanza. Ni dhuluma kwa watu wengi wa jamii zetu, na nimeshawaona vijana wenye vipaji wakiacha chuo kwa sababu hiyo. Hukumu ya dini ni ya sheikh wako. Mpelekee maelezo haya ya makato na kufutwa kwa deni, ili akujibu akiwa anajua mkataba ulivyo.

Na ukiamua kurudi nyumbani kustaafu, waarifu Student Loans Company kabla ya kuondoka. Kila nchi ina mstari wake wa kuanza kulipa, na wa Tanzania uko chini ya ule wa Uingereza. Ukinyamaza, watakupangia kiasi cha kudumu kila mwezi bila kujali kipato chako.