Jibu: Sauti inazidi kuchelewa kwenye DCP (kifurushi cha faili za filamu za kuonyeshwa sinema)

Habari mkuu. Filamu yako ya dakika 90 inaanza sawa, mwishoni midomo inatangulia sauti kwa sekunde tano na ushee. Hiyo ni filamu ya fremu (picha moja moja) 23.976 kwa sekunde iliyolazimishwa kuwa 24: picha imeharakishwa 0.1%, sauti imebaki ilivyokuwa. Kwa dakika 90 ni sekunde 5.4. (Ingekuwa 25 kwenda 24, sauti ndiyo ingetangulia, tena kwa dakika tatu na zaidi.)

Kuisogeza sauti yote mbele au nyuma hakusaidii, kwa sababu pengo linazidi kukua. Iharakishe sauti hadi 100.1%, itoe kwa 48 kHz, biti 24, kisha tengeneza DCP upya. Weka mlio wa fremu moja na alama kwenye picha, mwanzo na mwisho, uhakiki kabla diski haijaenda ukumbini Dodoma.

Sauti ikichelewa kiasi kilekile tangu mwanzo, jaribuni filamu nyingine hapohapo. Nayo ikichelewa, fundi wa ukumbi arekebishe mtambo wake, yako usiiguse.